Kugeuza matini kuwa orodha ndani ya orodha

Maana. Katika uandishi wa programu, matini ni mfuatano wa herufi ambao kompyuta huusoma herufi moja baada ya nyingine, bila kujua kipi kimo ndani ya kipi. Orodha ndani ya orodha ni mpangilio ambao kipengele cha orodha moja chenyewe ni orodha nyingine. Kugeuza matini kuwa orodha ya aina hiyo ni kuieleza kompyuta ngazi ambazo msomaji huzitambua kwa akili tu.

Kwa nini ngazi ni muhimu. Neno *Kishapu* ni jina la wilaya katika Mkoa wa Shinyanga, na pia ni jina la kata iliyomo ndani ya wilaya hiyo. *Shinyanga* ni mkoa, tena ni manispaa. *Geita* ni mkoa, tena ni wilaya. Herufi ni zilezile; kinachotofautisha maana ni mahali jina lilipo katika mpangilio. Majina hayo yakiwekwa katika orodha moja isiyo na ngazi, takwimu za kata huweza kuhesabiwa kuwa za wilaya nzima.

Matini yenye vitenganishi. Chukua mfano huu katika lugha ya Python:

`matini = "Shinyanga:Kishapu,Kahama;Geita:Chato,Nyang'hwale"`

Nukta mkato hutenga mikoa, nukta mbili hutenga mkoa na wilaya zake, na mkato hutenga wilaya. Matini hukatwa kwa kuanzia kitenganishi cha ngazi ya juu:

`orodha = []`
`for sehemu in matini.split(";"):`
`    mkoa, wilaya = sehemu.split(":")`
`    orodha.append([mkoa, wilaya.split(",")])`

Matokeo ni haya:

`[['Shinyanga', ['Kishapu', 'Kahama']], ['Geita', ['Chato', "Nyang'hwale"]]]`

Anayeanza kukata kwa mkato hupata kipande `Kahama;Geita:Chato`, yaani wilaya mbili za mikoa miwili zilizobandikwa pamoja. Aidha, nafasi tupu iliyoachwa baada ya mkato hubaki ndani ya jina, na kompyuta huliona kuwa jina tofauti. Amri `strip()` huiondoa.

Matini yenye mabano. Iwapo matini tayari ina mabano ya mraba, haifai kuigeuza kwa `list()`. Amri hiyo hutenga kila herufi: *Kishapu* huwa vipande saba, na hata *sh*, ambayo ni sauti moja katika Kiswahili, hugawanyika mara mbili. Amri inayofaa ni `ast.literal_eval()`, au `json.loads()` ikiwa matini imeandikwa kwa kanuni za JSON. Amri `eval()` iepukwe kwa matini inayotoka kwa watu wengine, kwa sababu hutekeleza agizo lolote lililomo ndani yake.

Tahadhari kuhusu ng'. Ritifaa ya *ng'ombe* au *Nyang'hwale* huandikwa mara nyingi kwa alama ileile inayotumika kufungua na kufunga matini. Katika `'Nyang'hwale'`, Python huona matini imeishia kwenye *Nyang*, kisha hutoa taarifa ya kosa. Dawa ni kutumia alama mbili za nukuu, `"Nyang'hwale"`. Kuifuta ritifaa ni kuharibu tahajia.

Kwa wafasiri na walimu. Orodha huonyesha mpangilio wa wakati ilipoandikwa. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa ya Shinyanga, ikahamia huko. Hati ya mwaka 2005 inayoiweka Bukombe chini ya Shinyanga haina kosa. Mwenye kuigeuza kuwa orodha aiache Bukombe palepale na kuongeza mwaka wa hati, ili ngazi za jana zisichanganywe na za leo.