Mwanamke Mezani, Mwanamume na Kalamu

Katika kitabu cha upimaji cha Albrecht Dürer, mchoraji wa Kijerumani wa mji wa Nürnberg, imo picha ambayo gazeti hili halitaichapa, wala haina haja ya kuchapwa; maelezo yanatosha. Meza ndefu imegawanywa katikati kwa fremu iliyotandwa nyuzi mithili ya wavu. Upande mmoja amelala mwanamke, nguo imemsitiri kidogo tu, macho yamelegea. Upande wa pili ameketi mwanamume aliyevaa kikamilifu. Jicho lake amelielekeza kwenye ncha ya kijiti kilichosimamishwa mbele yake ili lisiyumbe, na mkono wake wanakili, mraba kwa mraba, kila anachokiona kupitia wavu ule.

Kitabu kilitoka mara ya kwanza mwaka 1525. Dürer alifariki mwaka 1528, na picha hii ikaongezwa katika toleo la 1538. Tofauti ya matoleo hayo mawili ndiyo inayofundisha. Katika lile la kwanza, vyombo vya kumsaidia mchoraji vilionyeshwa vikitumika kuchora ala ya nyuzi ya jamii ya udi, na kumchora mwanamume. Mwanamume yule ameketi kitini, amevaa, uso ameuinua. Katika nyongeza za 1538, vinavyochorwa ni jagi na mwanamke. Msomaji na aamue mwenyewe kama mwanamke huyo amewekwa daraja moja na yule bwana wa kitini au na jagi.

Watetezi husema kuwa hilo ni somo la jometri tu. Sawa, lakini jometri ile ile ingetosheka na jagi.

Picha hizi zilichongwa kwenye ubao. Sehemu zitakazobaki nyeupe hukwanguliwa, mistari ikabaki imeinuka, ikapakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Mchoro wa ukutani katika jumba la mtawala huonwa na wageni wake. Chapa huenda sokoni. Wakubwa walilitambua hilo mapema. Mnamo 1524, Marcantonio Raimondi alipochapa kwa mabamba ya shaba picha za faragha za wanaume na wanawake, zilizobuniwa na Giulio Romano, Papa Clement VII alimtia Raimondi gerezani. Giulio, aliyezibuni, hakufungwa. Kilichoadhibiwa ni kuzifikisha mikononi mwa wengi.

Mwandishi wa Kiingereza Laura Mulvey, akizungumzia sinema, alilipa jambo hili jina mwaka 1975: mtazamo wa mwanamume. Kwetu sisi hoja hiyo si ngeni. Katika Surat An-Nur, amri ya kuinamisha macho inaanza na wanaume, aya ya 30, ndipo wanawake wanatajwa katika aya ya 31. Ajabu ni kwamba mawaidha yetu mengi huanzia ya 31.

Hatimaye jicho hilo likaigeukia nyumba ya Mwislamu. Mwaka 1814 Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres alichora mwanamke wa nyumba ya Kituruki akiwa uchi, ametupa mgongo. Mwaka 1825 akamtoa tena kwa chapa ya jiwe, nakala zikaenea. Jina alilompa, odalisque, limetokana na neno la Kituruki odalık, yaani mjakazi wa chumbani. Ingres hakuwahi kukanyaga Uturuki, na hata angefika, mlango wa wanawake usingefunguliwa kwake. Alitegemea vitabu, zikiwemo barua za Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyeingia hamamu ya wanawake mjini Sofia mwaka 1717.

Barua hizo zilichapwa mwaka 1763. Bibi huyo asimulia kwamba wanawake walimpokea kwa adabu, pasi na kumcheka mavazi yake ya safari. Walikuwa wakizungumza, wengine wakinywa kahawa, wengine wakifanya kazi za mikono. Wakamsihi naye avue. Alipofungua nguo ya juu wakaiona koseti, lile vazi gumu la kubana kiwiliwili, wakaamini kwamba ni kifaa ambacho mumewe amemfungia ndani yake, naye hana uwezo wa kukifungua.

Ingres alizinakili sehemu za barua hizo. Mwaka 1862, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, akakamilisha picha aliyoiita Hamamu ya Kituruki. Miili imejaa pembe zote. Mgeni yule na koseti yake hawamo.