UNGA ULIOMO NDANI YA STAKABADHI

Ndugu mfanyakazi, chukua stakabadhi ya dukani, ile laini inayotoka kwenye mashine, ukwaruze upande wake unaong'aa kwa ukucha. Mstari mweusi utatokea. Karatasi hiyo haichapwi kwa wino, huchapwa kwa joto.

Juu yake hupakwa tabaka jembamba lenye rangi isiyoonekana na dawa ya kuiamsha. Kichwa cha mashine kikipata moto, vitu hivyo huyeyuka, hukutana, na maandishi hutokea. Lakini kilichoyeyuka hunata. Kisipofyonzwa upesi huganda kwenye kichwa cha mashine. Kazi ya kufyonza ni ya unga wa madini uliochanganywa humo.

Mafundi huchagua hasa kati ya unga wa namna tatu. Wa kwanza ni kaolini, udongo mweupe uliochomwa kwa joto la nyuzi 1,000 hivi. Huwa na vitundu vingi vya hewa, hivyo hunywa vizuri, na ukipakwa chini ya tabaka la rangi huzuia joto lisipotee. Ila kuchomwa huuzidishia ugumu, na unga mgumu hula kichwa cha mashine. Wa pili ni unga wa mawe ya chokaa: laini, wa bei nafuu, hulinda weupe wa karatasi, lakini ukiwa wa kusagwa tu hunywa kidogo. Wa tatu ni silika iliyotengenezwa kiwandani. Hunywa sana, ila huweza kutia karatasi weusi kabla haijachapwa.

Hiyo ndiyo hesabu ya fundi. Je, mapafu ya anayemimina magunia yamo katika hesabu hiyo?

Silika ya kiwandani si sawa na silika ya fuwele iliyomo katika mchanga. Vumbi laini la hiyo ya mchanga, likivutwa kwa miaka, huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja kuwa kisababishi cha saratani. Na kaolini aghalabu hutoka ardhini pamoja na mchanga, kama ilivyo katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Isiposafishwa sawasawa, mchanga hubaki ndani ya unga.

Wengi wetu hatupaki karatasi hizi. Lakini unga wa aina hii humiminwa pia katika viwanda vya rangi, mpira na vigae. Kwa hiyo kamati ya tawi iulize mambo matatu: gunia hili lina silika ya fuwele kiasi gani? Vumbi linavutwa na mashine hapo hapo linapotoka? Wafanyakazi wanapimwa mapafu?

Uchaguzi hubadilika watu wakidai. Tangu Januari 2020, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku karatasi hizi zikiwa na bisfenoli A, dawa mojawapo ya kuamsha rangi, kufikia asilimia 0.02 ya uzito. Kama dawa iliweza kubadilishwa, unga nao waweza.

Kitambaa puani si kinga. Kinga ya kwanza ni kujua kilichomo ndani ya gunia.