Gari Inamisi, Mama Mkwe Anasubiri Mlimani

Kuna ugomvi wa wapendanao ambao hakuna semina ya ndoa inayoufundisha. Mmoja anasema, "Gari inatetema." Mwingine anajibu, "Haitetemi, ni barabara." Nyinyi wenye IST au Premio yenu ya kwanza, ile mliyojibana mpaka ikapatikana, mnanielewa. Mwenye usukani anajiona ndiye mwenye gari, na mwenye masikio anaonekana mlalamishi.

Kwetu mambo yaliiva Desemba, tukitoka Dar kwenda kwao mume wangu, Mbaga, juu kwenye milima ya Upare. Haikuwa safari ya kula sikukuu tu. Keshokutwa yake mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki KCMC, Moshi, na usafiri wake ni sisi. Kumteremsha mama mwenye magoti mabovu kwa bodaboda kwenye kona zile? Hapana jamani.

Tulipopita Hedaru nikasikia injini inakatakata, kama mtu anayemeza maneno. Tukienda taratibu inatulia, tukikanyaga mafuta kupita lori inarudi. Mume wangu akaongeza sauti ya redio. Wiki mbili nyuma fundi wetu wa Dar alibadilisha plagi zote 4, akasafisha na nozeli, akatangaza gari imepona. Kwa hiyo kwa bwana, kesi ilishafungwa, na Wapare na kesi mnawajua! (Mimi Mchaga, utani unaniruhusu.)

Makanya, taa ya injini ikawaka. Kabla ya kuingia Same ikaanza kupepesa. Nikasema tunasimama Same, hatupandi mlima. Nilisema kwa upole, ule ambao wanaume waliooa wanajua si upole.

Na hapa naomba tuelewane. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, inakuambia kuna hitilafu, kakague mapema. Ikipepesa huku gari inatetema, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Kuna silinda haichomi. Petroli yake inatoka mbichi mpaka kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya masega, kile chombo kinachosafisha moshi. Masega yakipata joto hilo yanaweza kuyeyuka na kuziba. Hapo utanunua kitu ambacho hakikuwa kibovu ulipoondoka nyumbani.

Fundi tuliyempata karibu na stendi ya Same hakukimbilia spana. Aliuliza kwanza: inamisi ikiwa imesimama au ikibeba mzigo? Ikiwa ya baridi au ya moto? Taa inapepesa? Mume wangu akafungua mdomo, akaufunga, akanigeukia. "Mweleze wewe." Nikaeleza.

"Basi shemeji ameshanifanyia nusu ya kazi," fundi akasema.

Silinda ili ichome inahitaji hewa na petroli kwa kipimo, mbano, na cheche kwa wakati wake. Kwenye IST yetu kila plagi ina koili yake iliyokaa juu. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa nyingi zaidi inaingia na kubanwa, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke. Koili iliyochoka inashindwa hapo hapo. Ndiyo maana gari inaweza kunguruma vizuri gereji, fundi akapokea hela yake, halafu ikakuaibisha kwenye mwinuko.

Kufika Same yetu ilikuwa inamisi hata ikiwa imesimama. Fundi akawasha, akachomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza. Injini ikayumba. Akarudisha, akachomoa ya pili, ikayumba tena. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Silinda hiyo ilikuwa imelala muda wote. Akazima, akahamishia koili ya 3 kwenye silinda ya 1, na ya 1 akaipeleka kwenye 3. Alipojaribu tena, silinda ya 3 imeamka na ya 1 ndiyo imelala. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili, na hatujanunua hata skrubu!

Je, ungebaki pale pale kwenye 3? Angehamisha plagi, kisha angeangalia nozeli, mwisho apime mbano. Wenye mashine ya kupimia wangesoma P0303, yaani silinda ya 3 inamisi. Ni msaada mkubwa, ila mashine inakutajia nyumba, haikutajii mgonjwa ni nani. Anayesoma namba hiyo na kukuambia papo hapo "leta hela ya plagi" anabahatisha.

Kumbe kulikuwa na jambo la pili. Mpira wa ile koili ulikuwa umelowa oili. Gasketi ya tapeti kava ilishakakamaa, oili ikavujia kwenye kisima cha plagi, mpira ukaoza na umeme ukawa unatorokea pembeni. Mume wangu akataka koili tu, "gasketi tutaweka Dar." Tukaenda kukaa kwenye benchi, mbali na masikio ya fundi. Sikumkumbusha Hedaru. Nilimuuliza tu, oili ikiendelea kuvuja, koili mpya itatufikisha Moshi na mama ndani? Akanyamaza kidogo. Akarudi kuagiza vyote, na mipira ya visima.

Koili ilikuwa ya mtumba, kwa hiyo fundi aliifunga na kuijaribu kabla hatujalipa. Tuliondoka saa 11 jioni. Baada ya Mwembe, kwenye mwinuko, mume wangu alizima redio mwenyewe, tukawa tunaisikiliza injini wote wawili, gia ya pili, kona kwa kona. Haikukata hata mara moja. Makande tuliyakuta bado ya moto.

Siku ya kliniki mama alikaa kiti cha mbele, na KCMC tulifika kabla ya saa 2 asubuhi. Njiani alitaka kujua koili imetugharimu kiasi gani. Tulipomtajia akashika kichwa, akauliza kama ile ya zamani isingeweza kushonwa.