OVENI HAIPATI MOTO? USIHARAKISHE KUITUPA

Oveni ya umeme ikikataa kupata moto, aghalabu watu huiweka stoo wakidhani imekufa. Kwa mama anayeoka keki na mikate ya kuuza, hasara hiyo si ndogo: unga umekwisha kuumuka, wateja wanangoja, na fedha za kununulia oveni nyingine hazipatikani kwa urahisi. Lakini si kila oveni baridi ni mbovu. Yako mambo uwezayo kuyachunguza mwenyewe bila kugusa waya, na yako usiyopaswa kuyagusa kabisa.

Anza ukutani

Chomoa plagi ya oveni, kisha chomeka pasi katika soketi ile ile. Pasi ikipata moto, soketi ni nzima. Sasa tazama plagi. Plagi ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ndani yake. Oveni ya wati 2,000 huvuta kama ampea 9, hivyo hutumia fyuzi ya ampea 13. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kiasi hicho hicho. Kamwe usizungushie waya wala karatasi ya pakiti ya sigara, kwani fyuzi imeundwa ife ili nyumba ipone. Fyuzi mpya nayo ikiungua, acha na mwite fundi.

Kama oveni inapata moto kidogo tu, huenda umeme wenyewe ni mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, oveni ya wati 2,000 hutoa kama wati 1,200 tu. Keki itachelewa kuiva, nayo oveni haina kosa.

Saa na vitufe

Oveni nyingi zenye saa ya tarakimu hazipati moto baada ya umeme kukatika, mpaka saa irekebishwe. Ukiona tarakimu zinamweka, rekebisha saa kwanza. Zile zenye saa ya kuzungusha hudai izungushwe hadi kwenye dakika, au kwenye alama ya mkono. Aidha, kuzungusha kitufe cha nyuzi za joto peke yake hakutoshi. Kitufe cha kuchagua moto wa juu au wa chini nacho hapana budi kiwekwe mahali pake.

Itazame koili

Chomoa plagi, iache oveni ipoe, kisha uitazame koili, yaani ule mrija utoao moto. Ukiona ufa, uvimbe au mahali palipoyeyuka, koili imekwisha. Keki ikiungua juu na kubaki mbichi chini, ishuku koili ya chini, ambayo katika oveni nyingine hufichwa chini ya bati. Koili zote zikionekana nzima, huenda kidhibiti joto ndicho kilichokufa, au waya umeungulia kwenye skrubu yake. Hapo kazi yako imekwisha. Mwite fundi wa umeme.

Mbele ya fundi

Mwombe apime koili kwa mita nawe ukiona. Koili ya wati 2,000 husoma kama omu 26. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na ni halali kuinunua mpya. Ikisoma vizuri, usikubali kulipia koili. Kosa liko kwingine. Mwombe pia apime kama koili inavujisha umeme kwenye bati, na kama waya wa kijani na njano umefungwa imara. Huo ndio waya wa ardhi, mlinzi wa maisha yenu.

Mwisho, bati la oveni likikupiga hata kidogo, au ukisikia harufu ya waya kuungua, usiendelee kuchunguza. Zima swichi kuu ya nyumba, waondoe watoto jikoni, na oveni hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aikague. Mkate utaokwa siku nyingine.