Ving'amuzi na Haki ya Mtazamaji

Huku kwetu Kwamsisi king'amuzi hununuliwa kwa fedha ya jasho. Basi yafaa kila mwenye nyumba ayakumbuke ya Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwazuia Azam, DStv na Zuku kuonyesha stesheni za nchini zipasazo kutazamwa bure, kama vile ITV, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za malipo. Hoja ilikuwapo: cha bure kisiuzwe. Lakini aliyetaka stesheni hizo ilimbidi atafute king'amuzi kingine. Enyi vijana, wasomeeni wazazi wenu masharti kabla hawajalipa. Muulize ni stesheni zipi zitabaki malipo yakikoma. Biashara ya haki haifichi masharti, na mnunuzi mwangalifu haoni haya kuuliza.