Gari likilalama, uliza hulalama lini

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, hata nikaitungia maswali ya mtihani, ila sikuikumbuka pale ufa ulipotokea katika gari langu mwenyewe.

Gari lenyewe ni la mtumba, mojawapo ya yale yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa baada ya kutumiwa Japani kwa miaka kadhaa. Lilinitumikia vyema hadi asubuhi moja ya baridi, lilipoanza kutoa mlio wa ta-ta-ta-ta, mfano wa cherehani iliyofichwa chini ya boneti. Nilipofika chuoni mlio ulikuwa umetoweka. Kesho yake ukarudi. Nami, kama walivyo madereva wengi, nikaongeza sauti ya redio na kuendelea na safari, binti yangu akiwa kiti cha nyuma.

Wiki ya tatu nililipeleka katika gereji moja jijini. Nikamwambia fundi kuwa gari linapiga kelele kwenye ekzosi. Hakuuliza zaidi. Aliinama, akaigonga sailensa kwa spana, akatangaza kuwa imeoza. Ikabadilishwa, nikalipa. Asubuhi iliyofuata: ta-ta-ta-ta.

Hapo ndipo rafiki aliponielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa jua kali kando ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan. Mzee huyu hakugusa spana. Aliniuliza: "Mwalimu, mlio huo husikika lini? Ni asubuhi injini ikiwa baridi? Ukikanyaga mafuta huenda mbio? Injini ikishika moto hunyamaza?" Nilijibu ndiyo kwa yote. Akaniagiza niliache gari lilale hapo.

Alfajiri aliliwasha, akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine akaipitisha polepole kando ya injini. Msaidizi wake akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, kwa sekunde chache tu. Sss! Mahali bomba la kukusanya moshi linapoungana na injini palikuwa na alama nyeusi ya masizi. Gasketi ilikuwa imepasuka. "Chuma kikipata moto hutanuka," alinieleza, "ndipo ufa hujibana na mlio ukakoma. Lakini kabla ya hapo moshi umeshapenya."

Nilitahayari. Kila mwaka mimi huwaambia wanafunzi wa fonolojia kwamba sauti haieleweki peke yake; sharti tuchunguze mazingira inamotokea. Mzee huyu hakuwahi kuketi darasani mwangu, lakini kanuni hiyo aliijua kwa masikio yake, ilhali mimi mwenye shahada ya uzamifu niliiacha mlangoni mwa gereji.

Ndugu msomaji, jambo hili si la mzaha. Moshi wa gari la petroli huwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika majuma hayo binti yangu alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa kila afikapo shuleni. Tulidhani anakwepa hesabu. Tangu gasketi ibadilishwe hajalalamika tena. Sina kipimo cha hospitali cha kuthibitisha uhusiano wa mambo hayo mawili, wala sitaki kuutafuta kwa kurudia jaribio.

Shuleni watoto wetu hukariri tanakali za sauti: kuanguka majini chubwi, kuanguka mchangani tifu. Ni vyema. Basi sisi tuliozikariri zamani tuzitumie leo: tumweleze fundi gari linaliaje, linaanza kulia lini na linanyamaza lini. Naye fundi anayeshika spana kabla ya kuuliza, tumuage kwa heshima, twende zetu. Ama ile redio, tuizime kwanza, tusikilize.