Feza ya sanduku: tuiweke kwa faranga ao kwa dola?



Kila mara siku ya kugawanya sanduku inapokaribia, ulizo moja linarudi katika vikundi vyetu: feza yetu tuiweke kwa faranga ao kwa dola? Kuna mama anayesema faranga inatuibia. Kuna mwengine anayejibu kwamba dola ni ya wafanyabiashara wa Bunia, sisi tunauza muhogo, maharagi na samaki kwa faranga. Wote wawili wana haki. Mbele ya kugombana, tuangalie kwanza njia ambayo feza ya inchi yetu imepita.

Wakati zaire ilipita dola

Tarehe 24 mwezi wa 6, 1967, serikali ya Mobutu iliondoa faranga ya wakati ule na kuleta zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000, na bei yake ilikuwa dola 2. Ndiyo, mmesoma vizuri: zaire moja, dola mbili.

Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, inchi ikajaa madeni, na zaire ikaanza kushuka. Mwisho wa mwezi wa 12, 1979, serikali ilitangaza kwa ghafula kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazifai tena. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, na benki zilikuwa mbali na vijiji. Aliyeficha feza yake ndani ya nyungu na hakufika kwa wakati, alibaki na karatasi. Mwaka wa 1983 zaire ilikatwa bei tena: dola 1 iliyokuwa karibu zaire 6 ikawa karibu zaire 30.

Mwanzo wa 1993, askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti mpya ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara waliikataa, na askari wakapora mji. Mwezi wa 10 wa mwaka huo ilikuja zaire mpya: 1 kwa zaire 3,000,000 za zamani. Tarehe 30 mwezi wa 6, 1998, faranga ikarudi: 1 kwa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: faranga moja ilibeba zaire za kwanza bilioni 300.

Faranga tunayoshika leo

Ilipozaliwa, faranga hii ilikuwa na nguvu. Dola 1 haikufika hata faranga 2. Lakini mwezi wa 8 wa mwaka huohuo vita ikaanza, na noti zikachapwa nyingi kuliko vitu vya kununua. Mwezi wa 5, 2001, serikali iliacha soko lipange bei, na bei yake ikaruka kutoka faranga 50 hadi zaidi ya 300 kwa dola.

Miaka mingine ilikuwa ya utulivu. Kuanzia 2010 hivi mpaka 2015, dola ilikaa karibu na faranga 920. Watu wakazoea. Kisha shaba ikaanguka tena. Mwisho wa 2017 dola ilikuwa karibu 1,590, mwisho wa 2020 karibu 1,970, na mwisho wa 2024 karibu 2,850.

Tuchukue mama mmoja wa mfano. Mwisho wa 2015 anaweka faranga 92,000, karibu dola 100. Hakuna mwizi aliyeingia, hakuna panya aliyekula noti. Miaka miwili kisha, faranga zilezile ni karibu dola 58. Mwisho wa 2024 ni dola 32 tu. Na chumvi, sabuni, dawa, vikwembe na petroli vinatoka mbali, vinanunuliwa kwa dola ao kwa shilingi ya Uganda. Dola ikipanda, sisi ndio tunaona bei ikipanda sokoni.

Lakini dola nayo inashuka

Mwaka wa 2025 ulitufundisha upande wa pili. Kati ya mwezi wa 9 na mwisho wa mwaka, faranga ilipata nguvu kwa haraka: dola ikatoka juu ya 2,800 ikashuka chini ya 2,500. Aliyekuwa na dola akapata faranga chache kuliko alivyongojea. Tena dola ina masharti yake. Noti iliyochanika hata kidogo inakataliwa, na noti ya dola 1 wengi hawaitaki.

Hatari kubwa iko katika deni. Kikundi kinakopesha mama dola 50 wakati dola iko 2,850: ni faranga 142,500. Siku ya kulipa, dola iko 2,300: ni faranga 115,000. Tofauti ni faranga 27,500. Je, mama alipe dola 50 ao faranga alizobadilisha siku ile? Kama kitabu hakisemi kitu, kila mmoja atasema kile kinachomfaa, na urafiki wa miaka mingi unaweza kuvunjika kwa siku moja.

Tunashauri hivi

Feza ya kutumika ndani ya miezi mitatu ibaki faranga. Kubadilisha kwenda na kurudi kunakula faida, kwa sababu mbadilisha-feza ananunua dola kwa bei moja na kuiuza kwa bei ya juu.

Feza ya kungojea mwaka mzima, kama ya masomo ya sekondari ao ya kujenga, mgawanye: nusu faranga, nusu dola, na dola mnunue kidogo kidogo kila mwezi. Wengine wananunua mbuzi, na ni vizuri. Lakini sisi tuliokimbia zaidi ya mara moja tunajua kwamba mbuzi haingii mfukoni.

Deni lilipwe kwa feza ileile iliyotoka. Dola ilitoka, dola irudi. Faranga ilitoka, faranga irudi. Mwandishi aandike bei ya dola ya siku hiyo kwenye kitabu, mbele ya wanawake watatu wenye funguo, na aisome kwa sauti ili hata mama asiyejua kusoma aisikie.

Kila noti ya dola iangaliwe mwangani mbele ya kuingia ndani ya sanduku. Noti mbaya ikiisha kuingia, hakuna anayejua iliyoileta.

Wamama, someni maneno haya kwenye mkutano unaokuja na mpige kura mbele ya kuanza mwaka mpya wa akiba. Bei ya dola hatuwezi kuipanga. Kitabu chetu tunaweza.